Shajara ya mradi: ukumbi wa huduma wa SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), Tanga mjini

Mahali ni ghorofa ya chini ya jengo la zege la miaka ya 1970. Ukumbi una urefu wa mita 12, upana wa mita 9, na kimo cha mita 3.6 ukipima hadi kwenye slabu, yaani zege la juu. Zinatakiwa meza 6 za maofisa wa mikopo, dirisha 1 la mtunza fedha, viti 40 vya kusubiri na kona ya maji ya kunywa. Wanachama ni wavuvi, wauza samaki, walimu, na wakulima wa machungwa kutoka Muheza. Wanakuja kuweka akiba, kuomba mkopo, na wengine kueleza kwa nini rejesho limechelewa. Hilo la mwisho linataka faragha, na ndilo lililoamua mambo mengi humu.

Wiki ya 1. Kubomoa

Picha zilizoletwa na mteja ni zile zile zinazoletwa siku hizi kwa ofisi, kliniki, benki na mikahawa: dari wazi yenye mabomba yanayoonekana, kaunta iliyovuliwa kioo, sakafu ya terazo (saruji yenye kokoto za marumaru, iliyosagwa hadi ing'ae), ukuta wa matofali ya matundu, mbao, mimea, na chokaa yenye mawimbi mahali pa rangi bapa.

Mtindo huu una hoja zake. Dari ya bodi huficha bomba linalovuja mpaka bodi yenyewe iote ramani ya kahawia, na hapo nondo zimeshaanza kuliwa na kutu. Tulipoishusha ya hapa tulikuta kiungo cha bomba la maji machafu kinachodondosha, nyaya 3 zilizoungwa kwa utepe mtupu bila kisanduku, na kinyesi cha popo cha kujaza ndoo 2. Kinyesi cha popo hakifagiliwi kikavu. Kilinyunyiziwa maji yenye klorini kwanza, mafundi wakavaa barakoa, kikakusanywa kwa koleo na kufungwa kwenye mifuko. Kimo nacho kimepanda kutoka mita 2.7 hadi 3.6, na hewa ya moto imepata pa kukaa juu ya vichwa vya watu.

Tatizo la picha ni kwamba hazitoi sauti. Slabu tupu, terazo na plasta vyote ni vigumu, na sauti inadunda humo kama mpira. Kwa hiyo kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji tulipasua maputo. Puto linapasuliwa katikati ya ukumbi, simu yenye programu ya kupima mwangwi ikiwa kwenye stendi umbali wa mita 4, mara 5 sehemu tofauti, kisha wastani. Kinachopimwa ni muda ambao sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60. Wastani ulikuwa sekunde 3.1. Katika ukumbi wa namna hiyo silabi ya kwanza haijazimika na ya tano imeshatoka mdomoni, kwa hiyo watu wanapaza sauti ili wasikike, na aliye jirani naye anapaza zaidi.

Tulifanya pia jaribio la pili, la kupima faragha, ambalo tutalirudia hadi mwisho wa kazi. Mtu anaketi pale itakapokuwa meza namba 3, anasoma tarakimu 20 kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Mwingine anaketi safu ya mbele ya kusubiri, umbali wa mita 3.5, anaandika anachosikia. Leo zimesikika 19.

Wiki ya 2. Hesabu ya sauti

Kanuni ni ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara usiosikika akaanza kuupima usiku kwa kubeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine. Inasema: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya eneo linalomeza sauti.

Ujazo wetu ni mita za ujazo 388.8, na 0.161 mara hizo ni 62.6. Nyuso zote kwa pamoja, yaani sakafu, slabu na kuta, ni mita za mraba 367. Nyuso ngumu za aina hii zinameza asilimia 2 hivi tu ya sauti, kwa hiyo zinatoa kama mita za mraba 7 za kumeza sauti. Ukuta wa nje una matundu wazi ya mita za mraba 12, na tundu linameza sauti yote kwa kuwa sauti ikitoka hairudi. Jumla 19. Gawanya 62.6 kwa 19 upate 3.3. Puto lilisema 3.1. Hesabu na puto vimekaribiana vya kutosha kuaminika.

Lengo ni sekunde 0.9, linalodai eneo la 70. Tunapungukiwa 51. Paneli nene ya milimita 50 inameza kama asilimia 85 kwenye sauti za maneno, hivyo zinahitajika mita za mraba 60. Kwa paneli za mita 1.2 kwa 0.6 hizo ni paneli 84: tutaning'iniza 60 darini na kuweka 24 kwenye vizuizi vya meza na ukuta wa nyuma. Dari inabaki wazi kwa asilimia 60, na yule anayependa kuona mabomba yake ataendelea kuyaona.

Mteja aliuliza kama watu wenyewe si watameza sauti. Watameza, kila mmoja karibu nusu mita ya mraba. Ila aibu kubwa ya kusikika inampata mtu saa 9 alasiri ukumbi ukiwa na watu 6, si saa 4 asubuhi ukiwa umejaa.

Wiki ya 3. Sakafu: kufika kwenye zege

Sakafu ya zamani ilikuwa ya saruji nyekundu, na tungependa kuiokoa. Tuliigonga kwa mpini wa nyundo kila nusu mita: zaidi ya theluthi moja ililia kama debe tupu, maana yake imeachana na zege iliyo chini. Ikachimbwa yote, milimita 40.

Kipimo cha unyevu: nailoni ya sentimita 50 kwa 50 inabandikwa kwenye zege kwa utepe pande zote 4 na kuachwa saa 24. Nailoni 5 kati ya 6 zilibaki kavu. Ya sita, karibu na choo, ilikuwa na matone upande wa chini. Chanzo kilikuwa bomba la choo. Limebadilishwa, na sehemu hiyo imeachwa ipumue siku 9 kabla ya kuguswa.

Mchanga: lori la kwanza limerudishwa. Chupa ya kioo ilijazwa mchanga hadi nusu, maji yakaongezwa, ikatikiswa na kuachwa saa 3. Tope lililotuama juu lilizidi sehemu 1 kwa 10 ya mchanga. Sisi tunakataa likishazidi asilimia 8. Mchanga wa ufukweni haujadiliwi kabisa hapa pwani. Chumvi yake itatoka juu ya sakafu kama unga mweupe kila masika, na itakula nondo.

Wiki ya 4 na ya 5. Terazo

Tabaka la chini ni saruji 1 kwa mchanga 4, unene wa milimita 30, likimwagwa juu ya zege iliyochongwa, kuoshwa na kupakwa uji wa saruji dakika chache kabla. Uji ukikauka kabla ya kumwaga unageuka kuwa kizuizi badala ya gundi. Kosa hili ndilo linalofanya terazo nyingi zilie debe.

Juu yake terazo yenyewe, milimita 15: saruji nyeupe 1 kwa kokoto za marumaru 2, kwa uzito. Kwa mita za mraba 108 imeingia mifuko 24 ya kilo 50 ya saruji na tani 2.4 za kokoto, nusu za milimita 3 hadi 6 na nusu za 6 hadi 9. Mifuko 2 mingine ni ya kuziba vitundu. Vipande vimegawanywa kwa vibanzi vya shaba ya njano, mita 1.2 kwa 1.0, jumla vipande 90 na mita 177 za shaba. Fundi alipendekeza alumini kwa kuwa ni ya bei rahisi. Alumini ikikutana na saruji mbichi inachemka na kutoa vipovu, na kando ya kibanzi inabaki mistari ya vitundu. Kama shaba haipatikani, afadhali plastiki.

Mchanganyiko uwe mkavu kiasi cha kushikika kama tonge. Unasawazishwa, unanyunyiziwa kokoto za ziada juu, kisha unapitishwa rola nzito mpaka uji upande. Terazo yenye maji mengi inazamisha kokoto, na ukija kuisaga unakuta saruji tupu juu.

Vipande 2 karibu na mlango wa mbele vimepasuka. Vilimwagwa saa 5 asubuhi jua likipiga moja kwa moja, na magunia ya maji yakafunikwa saa 8. Saa 3 hizo zilitosha. Vimekatwa vyote na kumwagwa upya jioni. Kiraka cha terazo hulingana na jirani yake pale tu kokoto na saruji zinapotoka kundi moja, kwa hiyo tangu mwanzo tuliweka kando kilo 50 za kokoto na mfuko 1 wa saruji. Hicho ni kiporo cha lazima, na kitabaki kwenye stoo ya mteja baada ya sisi kuondoka.

Kumwagilia siku 7. Kusaga mara ya kwanza kwa jiwe la namba 60 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi) hadi kokoto zifunguke, kuziba vitundu kwa uji wa saruji ile ile, kusubiri siku 4, kisha namba 120. Hapo tumesimama. Namba 220 na 400 zitapigwa mwishoni kabisa, fundi rangi akishaondoka. Sakafu imefunikwa kwa bodi, kwa sababu turubali peke yake halizuii ncha ya ngazi.

Mita 2 za kwanza kutoka mlangoni zitabaki namba 120 moja kwa moja. Terazo iliyong'arishwa, maji ya masika na kandambili havipatani.

Wiki ya 6. Umeme, taa, feni

Picha zilikuwa na dari nyeusi. Tumebishana nayo kwa hesabu. Eneo la kusubiri, mita za mraba 60, linahitaji laksi 200 (laksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu, lumeni hupima unaotoka kwenye taa). Kwa dari nyeupe ya maziwa tunakadiria nusu ya mwanga wa taa ndiyo inayofika chini, na tunaacha asilimia 20 kwa ajili ya vumbi na kuchakaa. 60 mara 200, gawanya kwa 0.5 na 0.8, ni lumeni 30,000, yaani taa 15 za lumeni 2,000. Kwa dari nyeusi ile nusu inashuka kuwa 0.4 na taa zinakuwa 19. Taa 4 za ziada zinawaka kila siku ili kulisha rangi. Slabu imepakwa nyeupe ya maziwa, na mabomba yamepakwa rangi hiyo hiyo ili yasionekane kama yamesahaulika.

Meza za maofisa zina laksi 500 juu ya karatasi. Rangi ya mwanga ni kelvini 4000 mezani, na 3000, wa manjano zaidi, kwenye viti. Zote ni za ubora wa kuonyesha rangi usiopungua 90 kati ya 100, kwa sababu mtu anasaini mkataba na sahihi ya wino wa buluu iweze kutofautishwa na nakala nyeusi.

Feni 6, mapanga yakiwa mita 2.7 kutoka sakafuni na milimita 900 chini ya slabu. Mchoro wa kwanza wa umeme uliweka taa juu ya mapanga. Ukiwasha, mwanga unakatwakatwa na meza nzima inapepesa. Mwenye kipandauso hakai hapo dakika 10. Taa zote zimehamishwa: ama nje ya duara la feni kwa milimita 300, ama chini ya usawa wa mapanga.

Mabomba ya nyaya yanayoonekana ni ya chuma, yamenyooshwa kwa uzi wa chaki, na vishikizo viko kila mita 1.2. Dari wazi inadai fundi umeme mwenye mkono wa seremala. Bomba lililopinda milimita 10 halina pa kujificha.

Wiki ya 7. Chokaa

Tanga ina mawe ya chokaa ya kutosha, mapango ya Amboni ni ushahidi, na chokaa ukutani ni jambo la pwani hii tangu enzi. Kilichokuja upya ni jina na bei.

Chokaa iliyolowekwa imechujwa kwa kitambaa na kulegezwa hadi iwe kama maziwa, si kama mtindi. Rangi ya udongo imeongezwa isiyozidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa kavu, maana ikizidi inatoka kwa kidole. Ukuta unaloweshwa, unapakwa kwa brashi pana kwa mapigo ya msalaba, tabaka 4, kila moja saa 24 baada ya nyingine. Ikiwa mbichi inaonekana karibu haina kitu, na ikikauka inageuka kuwa nzito na nyeupe zaidi. Kila fundi mpya anaogopa siku ya kwanza na kuongeza unene, na unene ndio unaopasuka. Miwani ya kinga ni lazima, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni inaunguza.

Ukuta wa kaskazini umebanduka kama ngozi ya nyoka kwenye tabaka la tatu. Chini yake kulikuwa na rangi ya maji ya zamani, na msasa ulikuwa umepita juu juu. Chokaa inashika kwa kuingia kwenye vinyweleo vya plasta, na rangi ya maji inaviziba vyote. Dawa ni moja: kukwangua hadi plasta. Jaribio la kujua kama imeisha ni kumwaga tone la maji ukutani. Likinyonywa ndani ya sekunde chache, endelea. Likitiririka, bado. Siku 3 zimepotea.

Chokaa haiwekwi pale bega au kichwa cha mtu kinapogusa. Sehemu ya chini, hadi mita 1.3, imevikwa mbao. Mwanachama aliyekuja na kanzu nyeusi au buibui asitoke na mgongo mweupe.

Wiki ya 8. Mbao

Mbao za mitiki zimetoka kwenye mashamba ya Longuza, Muheza, karibu kabisa na hapa. Zilifika na unyevu wa asilimia 19. Kwa ukumbi wa pwani usio na kiyoyozi tunataka 13 hadi 15. Zimepangwa ndani ya ukumbi wenyewe na vijiti vya milimita 25 kati ya safu na safu, wiki 3, feni ikizunguka. Mbao chache za mtiki wa umri mdogo zina ubao mweupe wa pembeni, na huo hauna uimara wa moyo wa mti, wadudu wanaula. Umekatwa, na uliobaki nyuma umepakwa dawa ya boroni.

Mtiki una mafuta yake. Gundi nyeupe ikipakwa bila maandalizi inaachia baada ya miezi. Uso unafutwa kwa kitambaa chenye thina, unaachwa dakika 10, kisha unagundishwa siku hiyo hiyo.

Meza za huduma zina kimo cha milimita 750, zote 6. Kaunta ya kusimama ya milimita 1,100 imefutwa, imebaki dirisha la mtunza fedha tu, nalo lina sehemu ya chini yenye kimo cha meza, milimita 750. Chini ya kila meza kuna uwazi wa magoti: upana 900, kimo 700, kina 500. Njia zina mita 1.2, na mbele ya meza namba 1 na namba 6 duara la mita 1.5 limeachwa tupu kwa kiti cha magurudumu kugeuka. Ngazi 1 ya mlangoni, milimita 150, imegeuzwa mteremko wa mita 1.8. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike, lakini hata bila sheria, mama aliyebeba mtoto na mzee wa fimbo wote wanapita hapo.

Wiki ya 9. Matofali ya matundu

Mchoro wa mteja uliyataka katikati, kati ya viti na meza za mikopo. Tumeyahamishia ukuta wa nje. Ukuta wenye nusu yake tundu unazuia macho na kupitisha kila neno, ukimpa mtu hisia ya faragha asiyokuwa nayo. Hiyo ni mbaya kuliko kukaa wazi, kwa kuwa aliye wazi angalau anajua ashushe sauti.

Nje yanafanya kazi yake ya asili, kivuli na upepo wa bahari. Yamejengwa tundu juu ya tundu bila kupishana, kwa hiyo yanashikiliwa na waya wa milimita 6 kwenye kila safu ya pili na nguzo ndogo ya zege kila mita 1.8. Wavu wa mbu uko upande wa ndani kwenye fremu inayofunguka, maana usiposafishwa miezi 6 unageuka pazia la vumbi.

Wiki ya 10. Paneli

Fremu ya mbao milimita 50, ndani yake ubao wa sufi ya mawe wa uzito wa kilo 60 kwa mita ya ujazo, juu kitambaa cha marekani, nyuma wavu. Sufi ya mawe haishiki moto. Sufi ya msufi tuliipenda kwa kuwa ni yetu, lakini inawaka kama karatasi na haina nafasi juu ya vichwa vya watu 40. Kila paneli inaning'inia kwa nyaya 4 za chuma, milimita 200 chini ya slabu. Nafasi hiyo ya hewa inaisaidia kumeza sauti nzito, zile za wanaume wanaozungumza kwa kifua.

Paneli za ukutani na za vizuizi zimevikwa mkeka wa mkonge badala ya marekani tupu. Mkonge uko Tanga tangu mwaka 1893, Richard Hindorf alipouleta, na ni aibu kuagiza zulia la ukutani kutoka mbali. Masharti ni 2. Kwanza, usukaji uwe wazi. Weka mkeka mdomoni, puliza, na uweke kiganja upande wa pili: pumzi ikifika mkononi, sauti nayo itapita hadi kwenye sufi. Mkeka wa ukili uliosukwa kwa kubana tulioujaribu mwanzo haukupitisha pumzi, tukauacha. Pili, usiwekwe sakafuni. Mkonge unakunywa maji, na tone moja la chai linabaki doa la duara ambalo sabuni inalipanua.

Wiki ya 11. Puto la pili

Zote 84 ziko mahali pake. Tulitegemea 0.9. Puto limesema 1.2, na tarakimu zilizosikika ni 13 kati ya 20.

Kupuliza ndiko kulikoonyesha kosa. Paneli 40 za darini zilikuwa ngumu, pumzi inarudi usoni. Ukikwaruza kwa ukucha linatoka ganda jembamba la krimu. Marekani lilikuja na madoa ya safari, na fundi rangi aliyapaka rangi ya maji tabaka 2 ili yafanane na slabu. Hakukosea kusoma: orodha yetu ya kazi iliandika "paneli, rangi ya krimu" bila kusema rangi iingie vipi. Paneli iliyopakwa inameza labda asilimia 15 badala ya 85, yaani imepoteza 0.70. Mara paneli 40, mara mita za mraba 0.72 za kila moja, tumepoteza eneo la 20 hivi kati ya 70, na 62.6 gawanya kwa 50 ni 1.25. Kosa lote limeonekana kwenye hesabu.

Orodha imeandikwa upya: kitambaa kinachovywa rangi ya nguo kwenye pipa kabla ya kukatwa, na hakipakwi kitu chochote baada ya kuvutwa kwenye fremu. Mita 32 za marekani la upana wa mita 1.5 zimetosha paneli 40.

Wiki ya 12

Puto: 0.9. Tarakimu: 6 kati ya 20.

Sita bado ni nyingi mno kwa mtu anayetaja deni lake. Hatua 3 zimefuata. Vizuizi kati ya meza vimepandishwa kutoka mita 1.3 hadi 1.5, kwa kuwa sikio la aliyeketi liko karibu mita 1.2 na sauti inajipinda juu ya ukingo. Safu ya mbele ya viti imerudishwa nyuma mita 1 na kugeuzwa iangalie ukuta wa matofali ya matundu badala ya migongo ya wanaohudumiwa. Na nafasi iliyopatikana imejazwa mimea mirefu. Mimea yenyewe haizuii sauti, inazuia mtu kusimama pale.

Feni zikiwa namba 2, tarakimu zilizosikika ni 3. Mvumo wa feni unafunika mwisho wa maneno. Feni zikizimwa ni 4.

Wiki ya 13 na ya 14. Kumalizia

Terazo imepigwa namba 220 na 400, ikapakwa dawa ya kuzuia madoa inayoingia ndani, si ile inayokaa juu kama vanishi. Mtu wa usafi amepewa maelekezo kwa vitendo: sabuni ya kawaida iliyolegezwa, maji, basi. Dawa za chooni zenye asidi zinakula marumaru na kuacha mabaka yasiyong'aa. Ndimu hali kadhalika, na kona ya maji imewekewa trei kwa sababu hiyo.

Vyungu 14 vya sanseviera, ule mmea wa majani yaliyosimama kama panga. Unavumilia kivuli, na kumwagiliwa mara 1 kwa wiki kunautosha. Sahani za chini zimejazwa mchanga hadi ukingoni, kwa sababu maji yaliyotuama kwenye sahani ni kitalu cha mbu wa dengi.

Viti vya kusubiri vina egemeo la mkono, angalau 1 katika kila 3, kwa anayehitaji kujisukuma kusimama. Kimo cha kiti ni milimita 450. Sofa za chini zilizokuwa kwenye picha, za milimita 380, zimeachwa. Mzee anaingia humo na hatoki bila kuvutwa.

Yaliyobaki hadi makabidhiano: kiraka cha chokaa nyuma ya mlango wa stoo, kibanzi 1 cha shaba kilichoinuka milimita 2 kwenye kipande cha 47, kisagwe kabla hakijakata unyayo wa mtu, wavu wa mbu wa fremu ya tatu haufungi vizuri. Kiporo cha kokoto na saruji kimewekewa lebo, saruji ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Puto na tarakimu vitarudiwa masika yakishapita, paneli zikiwa zimeshavuta unyevu wa msimu mzima.